Maji ya Dar es Salaam: Majina yamebadilika mara nyingi, sasa ubadilike uadilifu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa ya leo tumeona tuzungumze jambo ambalo ni nadra kusikika juu ya mimbari zetu, ilhali hakuna nyumba ya Mwislamu isiyoguswa nalo mara tano kila siku. Jambo lenyewe ni huduma ya majisafi na majitaka katika jiji la Dar es Salaam.

Hali yenyewe haihitaji kuelezwa kwa kirefu, kwani kila mama wa nyumbani anaijua. Ukifika wakati wa mgawo, mama huamka saa tisa usiku, si kwa ajili ya tahajudi, bali kwa sababu bomba limeanza kutoa sauti. Hupanga ndoo, madumu, beseni na hata sufuria za pilau, akavikinga kimoja baada ya kingine. Ikiadhiniwa Alfajiri, maji yamekwisha kukatika. Mtaa wa pili, ambako bomba halijafika kabisa, kijana wa mkokoteni hupita asubuhi na madumu yake. Mwenye uwezo hununua matano, asiye na uwezo hununua moja, nalo hulitumia kwa kupikia, kuoga, kufulia na kutawadha.

Tunamwomba msomaji mwenye dira ya maji nyumbani afanye hesabu ndogo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Achukue ankara yake, atazame bei ya uniti moja, kisha aigawe kwa 50. Atapata bei halisi ya dumu moja linalotoka bombani. Halafu aende kwa mwenye mkokoteni aulize bei ya dumu lile lile. Tofauti atakayoiona ndiyo kodi anayotozwa maskini kwa sababu tu ya kukosa bomba. Haielekei kuwa uadilifu kwamba mwenye nyumba ya ghorofa analipa kidogo kwa lita moja, na mjane aliyepanga chumba kimoja analipa mara kadhaa zaidi.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Anbiyaa, aya ya 30, kwamba kila kilicho hai amekijaalia kutokana na maji. Naye Bwana Mtume (SAW), kwa mujibu wa Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Ibn Majah, ameyataja maji pamoja na malisho na moto kuwa ni mambo ambayo watu ni washirika. Ushirika una haki na una wajibu. Tukiudai ushirika siku ya kuchota, hatuna budi kuukubali siku ya kulipa na siku ya kulinda.

Tukumbuke kisa cha kisima cha Ruma. Muhajirina walipofika Madina waliona uzito mkubwa wa maji. Mtume (SAW) akawahimiza Masahaba wake kwamba atakayekinunua kisima kile na kuiweka ndoo yake pamoja na ndoo za Waislamu wenzake atapata kilicho bora zaidi Peponi. Sayyidna Uthman bin Affan (RA) akakinunua, akakitoa kwa watu wote. Katika kisa hiki wengi wetu huutazama ukarimu wa Sayyidna Uthman, na ni haki kuutazama. Lakini lipo na sharti lile la ndoo. Tajiri aliyelipa fedha zake mwenyewe hakupewa zamu ya mbele wala kisima cha pembeni. Ndoo yake ilikuwa sawa na ndoo ya jirani yake. Hicho ndicho kipimo tunachotaka kukitumia leo katika kuyatazama mageuzi ya maji ya jiji letu.

Mageuzi si neno geni Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini ukafuata katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kuunda mamlaka ya taifa ya maji mijini, iliyojulikana kwa jina la NUWA. Mwaka 1997 NUWA ikaunganishwa na idara ya majitaka ya jiji, ikazaliwa DAWASA. Kisha yakaja masharti ya wakopeshaji. Benki ya Dunia na wenzake waliokuwa wakigharamia ukarabati wa mabomba walitaka uendeshaji ukabidhiwe kwa kampuni binafsi.

Mnamo Agosti 2003 kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mshirika wa Kitanzania, ilianza kazi kwa mkataba wa miaka 10. DAWASA ilibaki na umiliki wa mitambo na mabomba, na kampuni ikachukua uendeshaji na ukusanyaji wa ankara. Mapato hayakufika pale zabuni ilipoahidi, na malumbano yakaanza mapema. Mei 2005, kabla ya kutimia miaka miwili, Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na mwezi uliofuata viongozi wa kampuni wakatakiwa kuondoka nchini. Kesi zikafuata nje ya nchi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 jopo la usuluhishi lilitoa uamuzi wa kuipa DAWASA ushindi. Julai mwaka huo huo, jopo jingine liliona kwamba Serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji, lakini halikuamuru alipwe fidia.

Baada ya kampuni kuondoka iliundwa DAWASCO, shirika la umma, kuendesha huduma. Mwaka 2018 DAWASCO na DAWASA zikaunganishwa tena kuwa chombo kimoja, tukarudi pale tulipokuwa mwaka 1997. Tukihesabu, mlezi wa bomba lile lile la Ruvu amebadilishwa jina mara nne au tano ndani ya umri wa mtu mmoja.

Sisi hatukuwa miongoni mwa waliosikitika City Water ilipoondoka. Maji ya mji ni dhamana ya umma, na kuiweka dhamana hiyo mikononi mwa anayetafuta faida pekee ni hatari kwa asiye na kitu. Hata hivyo, Mwislamu ameamrishwa kusema kweli japo dhidi ya nafsi yake. Kweli ni kwamba kampuni iliikuta nyumba imeshabomoka. Wakati ule zaidi ya nusu ya maji yaliyosukumwa kutoka Ruvu hayakuwa yakilipiwa. Sehemu ilivuja ardhini kutoka katika mabomba makuukuu, na sehemu ilichotwa na wenye maunganisho ya wizi. Wazungu hawakuyaleta mabomba yale ya wizi. Yalikatwa usiku na vishoka wa hapa hapa mjini, kwa fedha zilizotolewa na wenye nyumba wa hapa hapa, na baadhi yao walikuwa safu ya mbele siku ya Ijumaa.

Kwa hiyo tatizo halikuwa, na wala si leo, jina lililoandikwa juu ya ankara. Mwendeshaji awe binafsi au wa umma, ikiwa mkubwa hakatiwi maji kwa deni lake, ikiwa fundi anauza maunganisho gizani, na ikiwa bomba lililopasuka linamwaga maji barabarani wiki nzima bila kufikiwa, matokeo yatakuwa yale yale.

Hebu tutazame hesabu. Ni haki kukiri kwamba kazi kubwa imefanyika. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Kwa pamoja ni lita milioni 466 kwa siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Tukiyagawa maji hayo kwa watu hao, kila mmoja angepata takriban lita 86, hata kabla hatujaitaja miji ya Kibaha na Bagamoyo inayokunywa kutoka mto huo huo. Theluthi moja ikipotea njiani, zinabaki lita 58. Ikipotea nusu, zinabaki 43. Maana yake ni kwamba kila anayeziba uvujaji ni sawa na anayejenga mtambo mpya, tena bila mkopo wala riba.

Na mto wenyewe hautuhakikishii kitu. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, na jiji zima likaingia katika mgawo. Wakati huo ndipo visima virefu vya Kigamboni vilipoanza kutumika, na mkataba wa ujenzi wa bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa, ukatiwa saini. Haya ni mambo mema. Lakini bwawa likijazwa ili maji yake yakavuje Tabata na Mbagala, tutakuwa tumejaza gunia lililotoboka.

Yupo atakayeuliza, je, shirika la umma laweza kweli kujirekebisha? Tumtolee mfano wa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, baada ya vita virefu, mji ule ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake. Mkurugenzi mpya wa shirika la umma, Ek Sonn Chan, hakuanza kwa kubadilisha jina. Alianza kwa kufunga dira kila mlango, kuwahesabu wateja upya, kuwaondoa wafanyakazi waliokula rushwa na kuwatuza waaminifu. Alipokwenda kwa jenerali mmoja wa jeshi aliyekataa kulipa, alielekezewa bastola. Hakurudi nyuma, na jenerali akalipa kama walivyolipa wengine. Baada ya miaka kama 15 upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, na familia za kimaskini zikasaidiwa gharama za kuunganishwa. Watu wale si Waislamu kwa wingi wao, lakini walilitimiza sharti la ndoo ya Ruma kuliko tulivyolitimiza sisi.

Wapo miongoni mwa ndugu zetu wanaosema maji ni neema ya Mwenyezi Mungu, hivyo hayafai kulipiwa. Tuwajibu kwa upole. Mvua ni neema na mto ni neema, wala hakuna anayeuza mvua. Lakini pampu, umeme, dawa ya kusafishia maji, bomba la kilomita nyingi kutoka Mlandizi na ujira wa fundi ni kazi za wanadamu. Wanazuoni wetu wamepambanua tangu zamani kati ya maji yaliyo mtoni na maji yaliyochotwa na kubebwa. Haya ya pili yanafaa kuuzwa. Katazo zito limekuja kwa anayemnyima mwenye kiu maji yaliyomzidi. Basi pande zote mbili zishikwe. Mwenye uwezo alipe anachotumia, na asiye na uwezo asinyimwe. Uniti za mwanzo ziwe za bei nafuu, na magati ya mtaani yasimamiwe ili bei yake isipandishwe na mtu wa kati.

Ama kwa upande wa majitaka, hapa ndipo aibu yetu ilipo. Wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Kila tunaposherehekea uzinduzi wa bomba jipya, hatuulizi yatakwenda wapi maji yale yakishatumika. Mabomba ya majitaka ya Dar es Salaam yalilazwa zaidi mji wa kati, Kariakoo na Upanga, pamoja na maeneo machache yenye mabwawa kama Vingunguti. Sehemu kubwa mno ya wakazi wa jiji hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Kwa miongo mingi bomba la mji wa kati lilipeleka uchafu Bahari ya Hindi bila kusafishwa, karibu na pwani ambako watoto wetu huogelea Sikukuu.

Na shimo likijaa? Gari la kunyonya majitaka haliingii katika vichochoro vya Manzese wala Tandale, na pale linapoingia gharama yake ni kubwa. Hapo baadhi ya watu husubiri mvua. Ikinyesha, hutoboa choo na kuachia uchafu uende na mkondo. Jambo hili lina jina lake mitaani, huitwa kutapisha. Tulitaje waziwazi bila kuona haya, kwa sababu ni dhambi inayotendwa kimya kimya. Kwa mujibu wa Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Bwana Mtume (SAW) ametuonya juu ya mambo matatu yaletayo laana, nayo ni kujisaidia penye maji, katika njia ya watu na chini ya kivuli. Anayetapisha choo wakati wa mvua anayakusanya mawili ya mwanzo kwa mara moja. Uchafu wake unapita mlangoni kwa jirani na kuishia kisimani. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa ule hauna njia nyingine isipokuwa kinyesi cha mtu kufika kinywani mwa mwingine.

Hapa tuna neno maalumu kwa misikiti yetu na kwa wafadhili. Waislamu wa mji huu wamechimba visima vingi kwa nia ya sadaka ya kuendelea. Misikiti mingi imeweka bomba nje ya ukuta ili jirani yeyote achote, awe Mwislamu au Mkristo. Allah awalipe kheri. Mtume (SAW) alipoulizwa na Saad bin Ubada (RA) juu ya sadaka iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, alimwelekeza kwenye maji. Lakini sadaka haikamiliki kwa kupiga picha siku ya uzinduzi. Tumeona visima vimechimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo, ilhali wataalamu wanataka umbali usiopungua mita 30. Karibu na pwani, visima vinavyovutwa kupita kiasi hugeuka vya chumvi. Kisima ambacho maji yake hayajapimwa chaweza kuwa sadaka ya maradhi. Tunawaomba wafadhili watenge fungu la kupima maji, kuyatibu na kutengeneza pampu inapoharibika.

Wazee wetu walilijua hili. Zubayda, mke wa Khalifa Harun Al-Rashid, aliyewaletea mahujaji maji Makka, alijenga mfereji uliodumu kwa karne nyingi kwa sababu waliokuja baada yake waliendelea kuufanyia matengenezo. Karibu zaidi na sisi, Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar mwaka 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini Unguja maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Bomba lisilo na mtunzaji haliwafikii wajukuu.

Basi, maoni yetu ni haya. Kwanza, huduma ya maji ya Dar es Salaam ibaki mikononi mwa umma, lakini umma upewe hesabu zake. Kila robo mwaka mamlaka itangaze katika magazeti ya Kiswahili ni maji kiasi gani yamesukumwa, kiasi gani yamelipiwa na kiasi gani yamepotea, mtaa kwa mtaa. Pili, taasisi za Serikali na wakubwa wenye madeni wakatiwe kama anavyokatiwa mama ntilie. Tatu, ratiba ya mgawo itangazwe na iheshimiwe, na isiwe kali kwa uswahilini huku ikiwa laini kwa wanaokaa ufukweni. Nne, kila mradi wa majisafi uambatane na mpango wa majitaka. Palipo na vichochoro, yalazwe mabomba membamba ya nyumba kwa nyumba kama yaliyowahi kujaribiwa Vingunguti, badala ya kusubiri barabara pana ambazo hazitakuja.

Kwa upande wetu wazazi, tuanze nyumbani. Aliye na maunganisho ya wizi ajue kwamba Suratul Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na dira iliyorukwa ni kipimo kilichopunjwa. Anatawadha kwa maji ya wenziwe, kisha anasimama kuomba. Atubie, aende akasajiliwe, alipe. Tuwafundishe watoto kutofungua bomba la udhu kama wanaosafisha gari. Mtume (SAW) alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, ambacho kwa hesabu ya wengi wa wanazuoni hakifiki lita moja. Na choo kikijaa, majirani watatu au wanne wachangie gari la majitaka pamoja, kama tunavyochangia maziko na harusi.

Tunawaomba pia maimamu walipandishe suala hili juu ya mimbari. Twahara ni ufunguo wa Swala, na mji ambao majitaka yanapita milangoni umeipa mgongo twahara, hata misikiti yake ikiwa na marumaru.

Siku mkurugenzi wa maji, mbunge, imamu na mjane wa Tandale watakapokinga ndoo zao kwa zamu moja na kwa bei moja ya haki, tutasema mageuzi yamefika. Kabla ya hapo, tutakuwa tumebadilisha ubao wa mlangoni tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mvua za rehema, viongozi waaminifu na majirani wema. Wabillahi tawfiq.